Koti Jeupe la Kidogoli

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura na fisi, ni hii ya juzijuzi, ya magazeti kubanwa kambani kwa vibanio vya nguo na watu kusoma vichwa vya habari bila kununua, aliishi mwimbaji jina lake Athumani Kidogoli. Akiimba harusini, watu walimsahau bibi harusi. Yeye mwenyewe hakuoa. Aliishi na rafiki yake Silvano, fundi cherehani, ndiye aliyemshonea nguo zote za jukwaani. Miaka kumi na moja, chungu kimoja, mlango mmoja.

Walikuwa nani kwa nani? Naona mnasogeza viti. Hilo sisemi, rudini mlipokuwa.

Asubuhi moja Silvano alikuwa akimjaribisha Kidogoli koti jipya jeupe. Mkono mmoja ulishikizwa kwa pini, wa pili bado. Akampiga alama ya chaki bega la kulia, akampiga bega la kushoto, na Kidogoli akasema, "Fundi, kifua kinanibana." Silvano akalilegeza koti. Koti halikuwa na kosa. Ulikuwa moyo, na daktari aliandika hivyohivyo, moyo.

Dada wa marehemu, Mwantumu, akaja mbio, akamwita Mzee Tawakali. Huyu alikuwa muosha maiti wa mji ule kwa miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema fulani alikuwa hata na kovu. Ndiyo desturi. Alichokiona muosha maiti huzikwa pamoja na maiti.

Alipomaliza kuosha akatoka, kumbe mlangoni alikuwa amesimama Gervas, mwandishi wa gazeti la udaku liitwalo Chungulia.

"Mzee, umeona nini mwilini?"

Mzee Tawakali kimya.

"Kuna alama ya ugonjwa wowote?"

Kimya.

"Basi niambie tu hakuna kitu, niende zangu."

Mzee akachukua ndoo yake, akapita. Alichokuwa amekiona ni vumbi la chaki shingoni, basi.

Kidogoli akazikwa jioni ile. Asubuhi yake kamba zote za magazeti zilisema jambo moja: AISHI NA MWANAMUME MIAKA 11, AFA GHAFLA. MUOSHA MAITI AFUNGA MDOMO, ALIONA NINI?

Watu walikuja matangani na gazeti limekunjwa kwapani. Walisoma Yasini, kisha wakamtazama Silvano, aliyekaa kwenye mkeka pembeni, futi yake ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Mwantumu aliyaona macho yale. Silvano ndiye aliyemshonea gauni la harusi, ndiye aliyekuwa akimwita dada, na Mwantumu alimpenda. Lakini aibu ilimkaba. Akasimama mbele ya watu, akasema, "Silvano, toka hapa. Kaka yangu alikuwa mwanamume."

Silvano akamwangalia. "Haya, dada," akasema, akatoka.

Nje walikuwa wakimngoja waliosoma gazeti. Walimpiga mawe hadi njia kuu. Wengine wanasema alifika kwao, wengine wanasema hakufika. Mimi siongezi neno, walioongeza wametosha.

Siku ya saba Mwantumu alifungua chumba cha kaka yake. Lile koti jeupe lilikuwa limetundikwa ukutani, ila mkono uliokuwa wa pini ulikuwa umeshonwa. Cherehani ilikuwa na vumbi, haikuguswa. Akafunga mlango, ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga.

Siku ya ishirini akafungua tena. Mkono wa pili ulikuwa umeshonwa. Cherehani ina vumbi lilelile.

Na tangu siku ile kila akiamka alikuta alama ya chaki bega la kulia, alama ya chaki bega la kushoto. Kwanza alidhani ni unga. Akaoga, akabadili shuka, akahamia chumba kingine. Akiamka, chaki. Kuna mtu alikuwa akimpima.

Siku ya arobaini, dua imekwisha na jua liko utosini, wakaja wanaume wawili, kila mmoja kwa njia yake. Gervas akavua shati bila salamu. Chaki begani. Mzee Tawakali akateremsha kanzu. Chaki begani.

Gervas akasema, "Mimi niliuliza tu. Sikuandika kwamba alikuwa hivi au vile. Mzee angesema neno moja nisingekuwa na habari."

Mzee Tawakali akasema, "Mimi nimetunza amana. Mdomo unaofunguka leo kwa jema, kesho utafunguka kwa baya. Mawe yalirushwa baada ya neno la huyu mama, si baada ya kimya changu."

Mwantumu akasema, "Mimi nililinda jina la ndugu yangu. Mliniachia jina gani la kulinda?" Kisha akasikia tena ile "Haya, dada", na alijua kwamba jina alilolilinda halikuwa la Kidogoli, lilikuwa lake mwenyewe.

Hapo wakasikia chumbani mtu akikohoa. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga. Ikaja sauti ya mtu anayesema na pini mdomoni, kama mafundi wasemavyo:

"Limekwisha. Mwenyewe aingie ajaribu."

Hawakujua ni sauti ya aliyezikwa au ya aliyefukuzwa. Mwantumu akafungua, kwa kuwa ufunguo ulikuwa wake. Chumbani hamkuwa na mtu. Koti lilining'inia likiwa na vifungo vyote, na mabega yake hayakuwa tena mabega ya Kidogoli. Lilikuwa limepunguzwa, likakatwa upya kwa kipimo cha mtu mwingine, mmoja tu.

Wakalitazama wote watatu. Mmoja akanyoosha mkono.

Naishia hapo. Wewe uliyesogeza kiti nilipotaja chungu kimoja, jipanguse bega kwanza, ndipo unijibu. Koti ni moja, na waliopimwa ni wengi. Je, nani alistahili kulivaa?