Kanzu ya Skolastika

Hii usisome ukaibania. Mrushie hata jirani mliyenuniana. Naisimulia mimi kwa sababu wilaya nzima hakuna anayeijua kama mimi.

Zamani kule kwetu Mahenge, mvua zikinyesha mpaka vyura wanabisha hodi, kulikuwa na kina mama wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Si masista. Walikuwa na waume, watoto na mashamba, ila wameweka ahadi kanisani. Wakiimba, ng'ombe wa kijiji cha pili wanaacha kula.

Kila mmoja alishona kanzu yake ya kahawia, akaifungia sandukuni. Kanzu ile huvai mpaka siku ya kuzikwa.

Eustaki, mlevi wetu, akiwaona tu anapiga kelele: "Masista wenye waume hao! Mnangoja kufa ndo mpendeze?"

Basi Eustaki akafa. Hana ndugu, hana sanda. Na ilikuwa miaka ile ya uhaba, madukani hupati hata leso. Skolastika, mmoja wa kina mama wale, akafungua sanduku lake, akamvika kanzu yake.

Kiongozi wao, Mama Ludgera, akaja juu. Mwanamke yule akifoka, bati zinatikisika.

"Skola! Kanzu ya Utawa unamvika mlevi? Wewe tutakuzika na nini?"

"Na udongo, dada. Si nao ni kahawia?"

"Leta utani! Mimi yangu sikupi."

"Wala sijakuomba, dada."

Alicheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Kanzu ile aliingoja tangu usichana.

Mwaka haukuisha, Skolastika naye akafa. Kitambaa bado hakuna. Wakamlaza na khanga iliyopauka.

Mara Ludgera huyo, kanzu yake begani, mkasi mkononi. Akakata pindo mbele ya watu wote, kraa!

"Mnashangaa nini? Kaleteni zenu!"

Nakwambia, sindano zilishona mpaka zikapata moto. Kanzu ikawa ya viraka, kahawia za kila namna. Sijaona bibi harusi aliyependeza vile. Hata padri alipotea kwenye kitabu chake.

Siku hizi wote wameshakwenda. Tuliwazika mmoja mmoja na kanzu fupi, zimeishia magotini. Ya Ludgera ndo ilikuwa fupi kuliko zote.

Funzo: Usiogope kumvika asiye na mtu. Siku yako ikifika, watu watapunguza zao wakuvike wewe.