Mgeni Aliyekaa Kizingitini

Mama mmoja wa Upareni alikuwa na picha ya kanisa ukutani mwa jiko lake. Aliikata kwenye kalenda ya zamani, akaibandika juu ya meko, na moshi ukaitia weusi pembeni. Lilikuwa kanisa lisilo na tofali hata moja. Watu wa kale wa nchi ya Uhabeshi walilichonga ndani ya mwamba mmoja. Walianzia juu, paa kwanza, kisha madirisha, kisha kuta, wakashuka na patasi zao mpaka wakafika sakafuni. Mama huyo aliitwa Naghenjwa, na kwa jina la mwanawe watu walimwita Mama Mbazi. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu, na kila alipokoroga sufuria aliitazama picha ile, akajiambia kwamba iko siku ataingia humo, apige magoti, na baada ya hapo hata akifa si neno.

Usharika wake ukaandaa safari ya kwenda huko. Wanawe wakamchangia. Akaenda.

Kikundi chao kilikuwa kidogo, na kiongozi wao alikuwa mwinjilisti Elinami, mtu mpole asiyependa ugomvi, aliyekuwa akiomba kabla ya kupanda chombo chochote na kushukuru baada ya kushuka. Mwongozaji wao kule alikuwa Demisse, Mhabeshi aliyewahi kufanya kazi Nairobi kwa muda mrefu. Kiswahili alikijua vizuri, ila alikitamka polepole, kila neno na zamu yake. Asubuhi moja aliwapandisha mlimani. Juu hapakuwa na la kuona, mwamba mtupu na nyasi kavu. Wakatembea kidogo, na ghafla ardhi ikafunguka miguuni pao. Chini kabisa kwenye shimo, likiwa limezungukwa na kuta za jiwe lilelile, lilisimama kanisa. Paa lake lilikuwa sawa na nyayo zao. Naghenjwa aliweka mkono kifuani.

Wakashuka kwa ngazi zilizochongwa ndani ya ufa, mmoja nyuma ya mwingine, mabega yakikwaruza ukuta. Walipofika uani, mbele ya mlango, walikuta kamba imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Nyuma ya kamba walisimama watu wa kijiji, wengi wao wanawake, wamejitanda shuka nyeupe, kimya. Upande wa pili alikuwepo msimamizi wa eneo, mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini. Aliwapokea wageni kwa mikono miwili. Demisse akatafsiri maneno yake: siku hiyo walitarajiwa wakubwa kutoka mji mkuu, pamoja na wapiga picha, kwa hiyo wanakijiji wameombwa wasubiri nje mpaka jioni, ili mahali paonekane vizuri. Ila wageni kutoka mbali wasiwe na wasiwasi. Wao waingie sasa hivi, watazame, watoke.

Kamba ikainuliwa, wakapita chini yake. Wakavua viatu. Elinami alijua hamu ya Naghenjwa, akamtanguliza mbele ya wote.

Hapo ndipo Naghenjwa alipomsikia mama mmoja mzee akimsemesha mlinzi kwenye kamba. Alikuwa amekumbatia mkate mkubwa uliofungwa kwenye kitambaa. Hakupaza sauti. Alisema jambo lilelile tena na tena, kama mtu anayembembeleza mtoto ale, na mlinzi alikuwa akiangalia chini.

"Anasema nini?" Naghenjwa akauliza.

Demisse alisita. "Anaitwa Aberash. Leo ni arobaini ya mwanawe. Kasisi yuko ndani, ndiye wa kumsomea marehemu, na mama mtu anatakiwa awepo. Anaomba aingie mara moja tu, atoke. Mlinzi anamwambia aje kesho."

"Kwani arobaini inangoja kesho?"

Nyuma yao wenzao walianza kusogea, kamera mikononi. Naghenjwa akageuka, akaenda mlangoni.

Mlango ulikuwa mwembamba, wa kupita mtu mmoja. Kizingiti kilikuwa kimelika katikati kwa nyayo za watu wa zama zote. Ndani kulikuwa na giza, harufu ya ubani, mwali wa mshumaa, na sauti ya mzee ikisoma kwa lugha asiyoijua. Yote aliyoyatamani alipokuwa akikoroga ugali wa watoto wa watu yalikuwa mbele yake, hatua mbili tu. Akaweka mguu mmoja juu ya jiwe. Jiwe lilikuwa la baridi.

Akageuka kuangalia nyuma. Aberash hakuwa analia. Alikuwa akiutazama ule mguu.

Naghenjwa hakuwahi kuzika mtoto. Alijaribu kufikiri ingekuwaje, akafika mahali fulani, mawazo yakagoma kuendelea. Basi akaurudisha mguu. Akaushika mwimo wa mlango kwa mkono mmoja, akageukia uani, akajishusha taratibu kwa sababu ya magoti yake, akakaa kizingitini. Alikuwa mama mwenye mwili. Mlango ukajaa.

Kwanza walidhani amepatwa na kizunguzungu. Elinami akachutama mbele yake, akampa maji. Akayanywa, akarudisha chupa, akasema haumwi.

"Basi inuka, Mama Mbazi, watu wanataka kuingia."

"Yule mama akiingia, nitainuka."

"Hilo si letu. Hapa ni ugenini, wana utaratibu wao. Usitutie aibu."

"Aibu tumeikuta hapa, Mwinjilisti. Mimi nimeikalia tu."

Msimamizi akasogea. Alianza kwa upole, akamweleza kwamba alikuwa mgeni wa heshima, kwamba kanisa hili ni fahari ya nchi nzima, kwamba amesafiri mbali mno kuja kujinyima mwenyewe. Naghenjwa alimsikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama alivyozoea kuwasikiliza walimu waliokuja jikoni kulalamikia maharage. Kisha akasema neno moja, na Demisse, ambaye msimamizi alikuwa amemkonyeza anyamaze, akalitafsiri kwa sauti kubwa hadi likavuka kamba:

"Mwenye nyumba akiwa nje, mgeni anaingia kwa nani?"

Watu wa shuka nyeupe walitazamana. Msimamizi akawaita walinzi wawili, akawaamuru wamwinue. Wakaja. Naghenjwa hakujishikiza popote wala hakuwatukana. Aliwaambia tu kwamba wakimwinua wajiandae kumbeba mpaka juu ya ngazi zote zile, maana popote watakapomweka chini, ataanza safari ya kurudi hapa kukaa. Demisse akatafsiri na hilo. Nyuma ya kamba mtu akacheka, mwingine akadakia. Mlinzi mmoja, kijana wa kijiji kilekile, aliuangalia ule mwili, akaziangalia ngazi, akamwangalia Aberash ambaye pengine alimjua tangu utotoni. Akarudi nyuma. Mwenzake akabaki peke yake, mikono ikining'inia, naye akarudi.

Lakini msimamizi hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya watu. Kanisa lilikuwa na mlango mwingine ubavuni. Akatabasamu, akawaonyesha wageni njia kwa mkono, na wageni wakaangaliana. Mmoja akasema wametoka mbali. Mwingine akasema kukaa nje hakutamsaidia yule mama. Yote mawili yalikuwa kweli. Wakaenda ubavuni, wakaingia, na Elinami akaingia wa mwisho, shingo imegeukia nyuma. Naghenjwa akasikia vishindo vyao ndani nyuma ya mgongo wake, na minong'ono, na mlio wa kamera. Alijiona mjinga. Amezuia mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Magoti yalimuuma, jua lilikuwa limefika uani, na Aberash alikuwa bado nyuma ya kamba na mkate wake. Machozi yakamlenga, si ya huruma, ya hasira. Akajifuta kwa kanga, akajisogeza akakaa vizuri zaidi.

Ndani, usomaji ukakatika.

Nyayo tupu zikaja polepole juu ya mwamba, zikasimama nyuma yake. Alipogeuka alimwona kasisi, mzee sana, mwenye kilemba cheupe, msalaba mkono mmoja na kitabu kwapani. Akasema maneno machache.

"Anaomba umpishe," Demisse akasema. "Anataka kutoka."

Naghenjwa akaingiwa na hofu kwa mara ya kwanza. Alidhani amemkosea mtu wa Mungu nyumbani mwake. Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Kasisi akamnyooshea fimbo yake ndefu ya kuegemea, naye akaishika, akasimama, akasogea kando. Mzee akainama, akapita mlangoni, akatembea hadi kwenye kamba. Hakuifungua wala hakuikata. Alisimama hapo, hatua moja kutoka kwa Aberash, akafungua kitabu, akaendelea pale alipokuwa ameishia.

Watu wote wakapiga magoti juu ya mwamba. Msimamizi akaja mbio, akasema hapa si mahali pake, akasema wakubwa wako njiani, akasema mengi. Kasisi alisoma. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Walinzi walivua kofia. Aberash akafungua kitambaa, akauweka mkate mbele yake. Jina la mwanawe, Getinet, lilipotajwa, akaitika kwa sauti nene iliyogonga kuta zile za jiwe pande zote, na wanawake waliokuwa naye wakamshika wasimwachie.

Wageni wakatoka kwa mlango wa ubavuni wakati huohuo. Walipoona watu wamepiga magoti, wakatembea kwa ncha za vidole, viatu mikononi, wakipita ukutani mmoja mmoja. Elinami akamkaribia Naghenjwa, ambaye naye alikuwa amepiga magoti, akamnong'oneza kwamba basi halitangoja, na ndege haitangoja.

"Nendeni salama," akasema.

"Utabaki na nani huku, Mama Mbazi?"

Akamwonyesha kwa kidevu: watu wote wale. Elinami aliinamisha kichwa kama anayetaka kuomba. Kisha akaweka mkoba wa Naghenjwa, aliokuwa amemshikia, chini kando yake, akawafuata wenzake kwenye ngazi. Demisse hakuwafuata. Alijua kwamba kwa kutafsiri vile amekwisha kuipoteza kazi yake, akakaa.

Wakubwa walifika ibada ikiwa katikati. Walisimama juu kwenye ukingo wa shimo, suti na miwani myeusi, wapiga picha wakiwa tayari. Wakangoja watu wawapishe. Hakuna aliyeinua kichwa. Wakangoja tena. Mwishowe wakapiga picha ya paa, wakaondoka, na msimamizi akawakimbilia akipanda ngazi mbilimbili.

Ibada ilipokwisha, Aberash aliumega mkate, akavuka chini ya kamba, na hakuna aliyemzuia. Kipande cha kwanza alimpa kasisi. Cha pili alimpa Naghenjwa. Hawakuwa na lugha ya kusemezana. Aberash akamshika mkono, akampandisha ngazi, akamchukua kwake kwenye chakula cha arobaini. Naghenjwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, ananawishwa mikono, ndipo alipokumbuka kwamba hakuingia kanisani. Akacheka peke yake hadi wenyeji wakacheka naye bila kujua sababu. Alikaa kwa Aberash mpaka wanawe walipompatia ndege nyingine, na aliporudi Upareni kiti chake kilikuwa kinamngoja mbele ya baraza la wazee wa usharika.

Hawakuwa watu wabaya. Walisikitika kweli. Walisema ameharibu jina la usharika ugenini, amewaacha wenzake, amepingana na wenye mamlaka, na kwamba Jumapili asimame mbele ya washarika aombe radhi. Naghenjwa aliwasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Akasema radhi hataomba. Wakamwambia kwamba basi hataongoza tena umoja wa wanawake. Akasema sawa. Wakamwambia kwamba hatasafiri tena na usharika. Akasema sawa.

Ndipo mzee mmoja, aliyempenda, akaomba kuuliza kitu kwa ajili yake mwenyewe tu. "Mama Mbazi, umevuka nchi nzima. Umefika mpaka mlangoni. Kweli umerudi bila kuingia kanisani?"

"Mwulizeni Mwinjilisti," akasema, "aliyeingia. Alimkuta nani humo?"

Wote wakamgeukia Elinami. Akapinda na kupindua vidole vyake, na alipojibu alijibu kama mtu anayesikia jibu lake kwa mara ya kwanza.

"Kasisi alipotoka, hapakubaki mtu," akasema. "Tulikuwa sisi tu, na kamera zetu."

Sasa ninyi mnaonisikiliza, mnaojua Maandiko kuliko mimi msimulizi, niambieni: siku ile, kanisa lilikuwa upande gani wa mlango?