Milango Miwili ya Sifuna

"Mlango wa njiani haujui mgonjwa." Asubuhi mmemsikia shangazi yenu akimrushia dada yenu Nafuna maneno hayo, mkaja mbio kuniuliza yametoka wapi. Yametoka hapa hapa, kwenye boma hili. Methali hii ilianza hivi.

Kaka yangu Sifuna alitoka jandoni akiwa na miaka kumi na saba, na kwetu kijana aliyetoka jandoni halali tena kwa mama yake. Hujijengea kibanda uani. Baba alimkatia miti mwenyewe, akamwonyesha mahali, akampa sharti moja tu: mlango utazame ua.

"Jenga upendavyo," alisema, "ila nikitoka asubuhi nione kama umeamka."

Sifuna akaguna. Siku zile hata salamu aliiitikia kwa kuguna. Akakandika upande wetu wote kwa udongo, na mlango akautoboa upande wa pili, ukitazama njia ya sokoni.

"Mimi sasa ni mwanaume," alimwambia baba. "Nikienda, nikirudi, mguu ni wangu."

Ami zetu walitaka kibanda kibomolewe siku ile ile. Baba alikataa. "Nikibomoa, atajenga mbali zaidi." Lakini naye alikuwa na kiburi chake. Aliapa kwamba hatazunguka kuufuata mlango uliompa mgongo, akakataza mtu yeyote kupeleka chakula huko. Mwenye njaa aje jikoni kama wengine. Kila tulipokula, mama alimpakulia Sifuna sahani yake na kuifunika.

Miezi miwili ikaenda hivyo. Sifuna alikuja kula alipotaka, akapotea alipotaka. Ndiyo maana alipokosekana siku mbili mfululizo, hakuna aliyeshtuka. "Yuko kwa wenzake," tulisema. Tukaendelea kupura maharage uani, tukiimba, hatua kumi kutoka ukuta wake.

Siku ya tatu, mchana, mama aliibeba ile sahani akaiweka mbele ya baba.

"Baba Sifuna, mtoto huyu anaweza kukununia wewe mwaka mzima. Maharage yangu hajawahi kuyanunia siku mbili."

Baba akautazama ule ukuta. Kisha akainuka, akauzunguka, nami nikamfuata.

Sifuna alikuwa sakafuni, homa imemkausha midomo, mtungi wa maji umelala mtupu kando yake.

"Mwanangu, mbona hukuita?"

"Niliita, baba. Mlikuwa mnaimba."

Baba alimbeba mgongoni hadi zahanati, kijana mzima, miguu ikiburura vumbi. Alilia njia nzima, wala hakujali nani anamwona.

Sifuna alipopata nguvu, jambo la kwanza alilofanya ni kukanda udongo ili auzibe mlango wake. Baba akamshika mkono.

"Uache. Huo ni wa umri wako, utauhitaji. Mimi nitatoboa mwingine, huku kwetu. Ukitaka kwenda zako, pitia kwanza huu wa huku, useme unakwenda wapi na utarudi lini. Sikwambii uombe ruhusa. Nakwambia uage."

"Na nikisahau?"

"Nitakuja kukugongea. Nilikula kiapo cha kijinga. Sasa njia ya kuzunguka naijua."

Sifuna akainamisha kichwa. Tulidhani analia, kumbe anacheka.

"Haya toboa, mzee. Ila usinitobolee juu ya kitanda."

Walitoboa pamoja, baba akikata fito, Sifuna akizishika. Mama alikuwa akilainisha kingo kwa udongo wakati jirani mmoja alipopita, akasimama na kushangaa.

"Mama Sifuna, kibanda kidogo namna hii, milango miwili ya nini?"

Mama hakuinua hata kichwa. Alipitisha kiganja chake kwenye udongo mbichi, taratibu, kama anayempangusa mtoto uso, akamjibu:

"Mlango wa njiani haujui mgonjwa."