Kipimo cha Marehemu Daktari wa Farasi

Wapendwa, mvua imetuchelewesha kuanza, nami sitaki niwacheleweshe kumaliza. Acheni niwatoe hapa kwenye mabenchi niwapeleke kwenye banda la farasi. Shikeni pua mkipenda, lakini masikio yaacheni wazi.

Alikuwepo daktari wa farasi, mzee aliyeheshimiwa mkoa mzima. Farasi akiumwa tumbo si jambo la mchezo. Anagaagaa, anajitazama ubavu, na asipotibiwa mapema hafiki kesho. Mzee huyu akiitwa anafika. Anavua kofia, anatia masikioni kipimo chake, kile cha mpira ambacho madaktari huning'iniza shingoni, anakiweka ubavuni mwa farasi, na watu wote kimya! Baada ya muda anajua tatizo ni nini. Watu wakasema mzee yule ana masikio ya ajabu.

Alikuwa na daktari mwenzake, mdogo kwake kwa umri. Kliniki walitumia moja, ila kila mmoja alikuwa na mashamba yake ya kuhudumia, kwa hiyo huyu mdogo sifa za mwenzake alizisikia zaidi ya alivyoziona. Mzee akafariki, na siku ya kuanua matanga familia ikamkabidhi kile kipimo. Alilia kama mtoto. Akakitundika ukutani chini ya picha ya marehemu, na kila asubuhi akawa anakifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe. Wateja wakiingia anawaonyesha: "Mnakiona kile? Kile kimeokoa farasi wengi kuliko nywele za kichwa changu." Alikuwa na upara, lakini tusimwandame.

Siku moja mama mmoja mwenye shamba akapiga simu. Farasi wake jike, Zuhura, alikuwa chini tangu alfajiri. Mama huyo alimlea Zuhura kwa chupa ya maziwa tangu siku alipozaliwa na mama yake akafa, na sasa sauti yake kwenye simu haikuwa ya mtu mwenye shamba kubwa, ilikuwa ya mzazi. Daktari akanyakua kipimo chake cha kila siku, akasita, akakirudisha mezani. Akapanda kiti, akakitungua kile cha marehemu. "Leo, mzee, tunakwenda wote," akaiambia picha.

Kule bandani alimkuta mama, na saisi, yaani mtunzaji wa farasi, mtu mzima mwenye mvi.

"Daktari, niokolee huyu," mama akasema.

Saisi akakohoa. "Daktari, huyu tangu juzi..."

"Mzee wangu, tulia kidogo. Nasikiliza."

Akafanya yote kama marehemu. Kofia akaivua, macho akayafumba. Akasikiliza ubavu wa kulia: kimya. Akazunguka kushoto: kimya. Sasa, utumbo wa farasi mzima hunguruma saa zote, na ukinyamaza kabisa, habari ni mbaya. Daktari akajaribu tena na tena, jasho likimtoka. Alikuwa anaogopa, na alichoogopa zaidi ni kuliaibisha jina la mzee siku ya kwanza tu ya kukivaa kipimo chake.

"Mama," akasema, "utumbo umekufa. Tukimwacha hivi tunamtesa. Niruhusu nimpe sindano apumzike."

Mama akaikumbatia shingo ya Zuhura, akalia, kisha akaitikia kwa kichwa. Daktari akavuta dawa kwenye bomba la sindano.

Niwaulize: ninyi mngekuwa pale, nani angefungua kinywa? Daktari amesema, tajiri amekubali, wewe ni wa kubeba nyasi tu. Lakini saisi alipita akasimama mbele ya sindano.

"Unisamehe, Daktari. Umesikiliza kwa hicho?"

"Si umeniona? Ni cha marehemu mwenyewe!"

"Nakijua. Hicho hakisikii. Kimeharibika mwaka wa nne huu."

Daktari akakiweka kifuani mwake mwenyewe. Kimya! Kwa kipimo kile, wapendwa, hata yeye alikuwa marehemu.

"Sasa mzee alikuwa anasikiliza nini miaka yote hiyo?"

"Alikuwa ananisikiliza mimi," saisi akasema. "Mama, usinielewe vibaya. Akikivaa hicho, mabosi wote wananyamaza. Hapo ananisogelea, ananiuliza polepole: amekula nini, amelala vipi, nini kimebadilika hapa? Nikimaliza ndipo anaweka sikio lake ubavuni, sikio lenyewe, bila mpira."

Daktari akaiweka sindano chini.

"Basi niambie, mzee wangu. Nini kimebadilika?"

Saisi akamtazama mama kwanza. "Ni tanki la maji. Mama alituletea jipya, zuri sana, lakini limepakwa rangi ndani na maji yananuka. Zuhura anayanusa, anaondoka. Leo siku ya tatu hajanywa."

"Mbona hukuniambia?" mama akauliza.

"Mama, ulikuwa umelifurahia mno."

Daktari akapiga magoti kwenye nyasi chafu, akabandika sikio ubavuni. Mbali kule ndani, kukanguruma. Kidogo tu, lakini kulinguruma! Akacheka huku machozi yakimtoka. Wakampitishia mrija puani, wakamtilia maji ya vuguvugu na mafuta, na alipopata nguvu wakamtembeza uwanjani kwa zamu. Saa kumi jioni, samahani niko madhabahuni, Zuhura akanya. Na mama yule na heshima zake zote akapiga vigelegele mbele ya lundo la mavi.

Mnacheka. Chekeni, maana sasa nakuja kwenu, na nakuja na mimi mwenyewe.

Sisi tulikuwa na mzee wetu wa kanisa, aliyesimama pale mlangoni. Mnamkumbuka? Tumempenda, hakuna ubishi. Fulana zenye picha yake tumechapisha, rangi mbili. Benchi lake tumeliandika jina, na anayelikalia anatazamwa vibaya. Kumbukumbu yake tunaifanya kila mwaka na pilau haikosi. Lakini yule mzee pale mlangoni alikuwa anafanya nini? Alikuwa anakuuliza, "Umelalaje?" Halafu anakushika mkono, hakuachii mpaka umemjibu ukweli. Wangapi hapa walilia mlangoni pale, wakaingia ndani wakiwa wepesi? Jumapili iliyopita mama mmoja alipita mlango huohuo, mume wake yuko hospitali siku ya tisa. Tulimpa mkono sote. "Bwana asifiwe," tukasema, tukamwahi mwingine. Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimevaa fulana.

Ibada ikiisha, msije kuniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Mgeukie aliye kando yako umuulize amelalaje. Atakwambia "salama." Usimwachie mkono. Muulize tena.