Daktari wa Pampu

Mgeni akibisha hodi, wengi wetu huwaza kiti atakachokalia na chakula atakachokula. Ni wachache wanaowaza kwamba huenda amebeba tiba ya ugonjwa ambao mwenye nyumba ameuzoea hata hauoni tena. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Penyo Dragiev, msimamizi wa karakana katika kiwanda cha pampu za maji mjini Gabrovo, Bulgaria.

Penyo alikuwa na miaka ishirini na saba kiwandani. Alizijua mashine zake kama kiganja cha mkono wake, na ratiba ya kazi aliipanga mwenyewe kwa chaki ubaoni. Hata hivyo, pampu zilichelewa kila wiki. Kwa miezi minne wafanyakazi hawakuwa wameijua Jumamosi ya mapumziko. Sasa mteja mkubwa alikuwa ametamka bayana: pampu arobaini zisipotoka katika muda wa wiki mbili, angehamia kwingine.

Ndipo mkurugenzi alipomleta Stanimira Koleva, mtafiti wa mipango ya uzalishaji kutoka chuo kikuu kimoja cha Sofia.

"Wametuletea daktari," Penyo aliwaambia wenzake wakinywa kahawa. "Kwani nani anaumwa?"

Wakacheka. Stanimira naye akacheka, kisha akavuta kigoda na kuketi karibu na Zdravka, mama aliyesugua kwa mashine shafti zote za kiwanda, yaani vyuma vya kuzungushia pampu, hadi zing'ae. Alikaa hapo siku tano, kimya kama maji mtungini, akiandika saa ambayo kila shafti iliingia na kutoka.

Siku ya sita alimfuata Penyo. "Fundi, shafti moja inahitaji dakika arobaini tu za kazi. Lakini kwa tarehe zilizoandikwa kwenye makreti, inakaa humu siku kumi na tisa."

"Haiwezekani."

"Twende ukaone."

Kando ya Zdravka makreti yalikuwa yamerundikana kama kuni za majira ya baridi.

"Wakerezaji wako sita wanachonga shafti na kumlisha mtu mmoja," Stanimira alisema. "Kila asubuhi unaanzisha kazi mpya ili asiwepo wa kukaa bure, na zote zinakuja kulala hapa. Usianzishe nyingine mpaka Zdravka amalize moja, ili asipoteze muda kutafuta rundoni ile inayosubiriwa."

"Kwa hiyo dawa yako ni watu wakae?"

"Baadhi, kwa muda."

"Binti, mimi niliajiriwa kuhakikisha hawakai."

Zdravka alizima mashine yake. "Penyo, mgongo wangu umekwisha kwa kupekua haya makreti. Jaribu wiki moja. Tukishindwa, tutakuwa tumeshindwa kama kawaida yetu."

Penyo alikwenda ubaoni, akaitazama ratiba yake kwa muda, kisha akaifuta kwa mkono wa shati. Jambo hilo lilimchoma kama mwiba, lakini alilifanya.

Siku ya Jumanne mkurugenzi aliingia karakanani akakuta wakerezaji wawili wakicheza tavla, mchezo wa dadu na kete. Uso ukamwiva. "Hii ndiyo tiba tuliyoletewa?"

Kabla Stanimira hajafungua kinywa, Penyo alikwisha simama mbele ya mkurugenzi. "Nimewaruhusu mimi. Wewe hesabu pampu zinazotoka, usihesabu watu waliokaa." Asubuhi ile, makreti yakiwa yamepungua, alikuwa ameiona sakafu kando ya mashine ya Zdravka. Ilikuwa na rangi ya kijani. Alikuwa amesahau kabisa.

Alhamisi adhuhuri, siku moja kabla ya muda kwisha, pampu ya arobaini ilipakiwa kwenye lori. Hapakuwa na vigelegele. Zdravka aliketi tu akala banitsa yake, andazi la jibini, ikiwa bado ya moto, jambo ambalo hakukumbuka lini alilifanya mara ya mwisho.

Jumamosi lango la kiwanda lilifungwa. Penyo na mkewe Ginka walimwalika Stanimira kwenye shamba lao la mizabibu, ambako matawi yalikuwa yakingoja kupogolewa.

"Kumbe wewe ndiye uliyenirudishia mume," Ginka alimwambia, akimkatia mkate.

"Ni yeye aliyekubali kufuta ubao, mama," Stanimira alijibu. "Mimi niliketi tu."

Penyo, yule yule aliyempokea kwa kejeli, alimmiminia divai yeye kwanza kabla ya wote. "Mwezi ujao urudi," alisema bila kumtazama usoni. "Nataka ukae na kigoda chako kule chumba cha kupakia pampu rangi."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.