Jiko la Mita Thelathini na Moja

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii naileta bila mwisho wake. Mwisho mtautia ninyi, kwa hiyo sikilizeni kila jambo, hata lile linaloonekana dogo.

Katika mtaa wa Bomba Mbili, jijini Dar es Salaam, walikuwapo watu watatu wenye vipaji vitatu.

Wa kwanza ni Bi Shemsa, mpishi wa shughuli. Kipaji chake kilikuwa kukumbuka. Miaka aliihesabu kwa harusi, na kila harusi aliikumbuka kwa sare ya kanga iliyovaliwa, idadi ya sufuria zilizopikwa, na jina la mgeni aliyeondoka na sahani ya watu.

Wa pili ni Mzee Mihambo, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa kuandika. Nje ya kibanda chake alitundika ubao mweusi, na kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye sindano, aliandika kwa chaki habari za mtaa: nani amejifungua, bomba lipi halitoi maji, mbuzi wa nani haonekani. Jioni, kabla ya kufuta, alinakili kila neno kwenye daftari. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo, na hakuna aliyewahi kuomba kuyasoma madaftari yale.

Wa tatu ni Atuganile, muuza vitumbua kutoka Tukuyu, mpangaji aliyekuwa na miaka miwili tu mtaani. Kipaji chake kilikuwa kukaa. Msicheke. Wapo watu wanaokaa huku roho zao zimeshasimama. Atuganile akishaketi kwenye kigoda chake, mvua humkuta pale, humnyeshea, na humwacha palepale.

Mtaa wa Bomba Mbili ulikuwa unabadilika. Nyumba za zamani za vyumba sita zilikuwa zinauzwa moja baada ya nyingine, na maghorofa yalipanda mahali pake. Lakini kati ya nyumba ya marehemu Mzee Pazi na nyumba ya jirani yake palibaki kichochoro. Upana wake mita mbili na sentimita kumi, urefu mita thelathini na moja. Ukipita humo, unafika zahanati kwa hatua mia moja na ishirini. Ukizunguka barabara kuu, ni hatua mia tisa na arobaini, na katikati yake unavuka magari. Wajawazito walipita humo. Majeneza yalipita humo kwenda msikitini. Hakikuwa na jina, watu walisema tu, "Katiza pale."

Basi, warithi wa Mzee Pazi wakaiuza nyumba kwa mtu mmoja aitwaye Bwana Lukindo, na Jumatatu moja ubao wa Mzee Mihambo ukasomeka hivi: *Kichochoro kinafungwa. Ukuta unaanza kujengwa leo. Hongera kwa Mama Salma, amepata mapacha.*

Mafundi walipofika na matofali yao saa mbili asubuhi, walimkuta Atuganile ameketi katikati ya kichochoro, jiko la mkaa mbele yake, kikaango kimeshapata moto.

"Dada, sogea kidogo, tunajenga," alisema mkubwa wa mafundi.

"Jengeni."

"Sasa tutajengaje? Umekaa kwenye msingi."

"Mimi nimekaa kwenye kigoda. Mnataka vya moto au vilivyopoa?"

Wakataka vya moto. Wakala, wakasubiri, wakala tena. Saa sita Bwana Lukindo mwenyewe akaja, mtu mpole, shati limenyooshwa, mkononi ameshika bomba la plastiki lenye ramani ndani yake. Akaikunjua ramani mbele ya kikaango.

"Mama, sikuonei. Soma mwenyewe. Hapa ulipokaa ni ndani ya kiwanja changu. Mstari huu hapa, na hapa pameandikwa JIKO."

Atuganile akageuza kitumbua. "Ndiyo maana napika."

Bwana Lukindo akaenda kwa Mtendaji wa Mtaa, dada kijana asiyependa jambo lolote lisilo na karatasi. Mtendaji akaitazama ramani, akaona ina muhuri, akatoa uamuzi: hadi Ijumaa saa kumi jioni. Kama wakazi watakuwa na ushahidi kwamba pale ni njia ya watu, waulete. Kama hawana, mgambo watamwondoa mwenye vitumbua na ukuta utajengwa. Atuganile aliposikia aliongeza mkaa. Jumanne alikuwapo. Jumatano alikuwapo, na mvua ilinyesha.

Jumatano hiyohiyo Mtendaji alibandika nakala ya ramani kwenye mlango wa ofisi ili kila mtu aione. Watu wakaja, wakaangalia, wakasikitika, wakaondoka. Bi Shemsa alikuja na miwani ya kuazima. Hakuangalia mistari. Aliangalia pembeni, palipokuwa na tarehe ya upimaji.

"Mwanangu," alimwambia Mtendaji, "hii tarehe kumi na nne Septemba, mwaka elfu mbili, ilikuwa siku gani?"

Mtendaji akatafuta kwenye simu. "Alhamisi, Bi mkubwa."

"Mwaka wa uchaguzi. Kwa miezi ya Kiislamu ni mfungo tisa, mwezi uko katikati." Bi Shemsa akafumba macho. "Harusi ya Mwanahamisi, binti wa marehemu Pazi. Sare ilikuwa kanga ya bluu yenye korosho. Tulipika pilau sufuria nne, na wapi tulipikia? Humo humo kichochoroni. Turubai lilifungwa ukuta kwa ukuta. Siku hiyo, mwanangu, hata mimi nisingejua kama pale pana njia."

"Kwa hiyo wapimaji waliona..."

"Waliona jiko. Wakalichora."

Mtendaji alitabasamu kidogo, kisha akakumbuka kazi yake. "Bi Shemsa, mimi nakuamini. Lakini muhuri nitaujibu kwa kumbukumbu zako? Niletee kitu kilichoandikwa."

Alhamisi asubuhi Bi Shemsa akaingia kwenye kibanda cha Mzee Mihambo. Yeye ni Mzaramo na Mihambo ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, na salamu yao haikuwahi kuwa salamu.

"Wee Mnyamwezi, bado unapumua?"

"Nikiacha kupumua, nani atawashonea Wazaramo sare za kwendea kula?"

"Mtani, leo sina matani. Madaftari yako yapo?"

Cherehani ikasimama. Katika miaka yote ile, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Mzee Mihambo akainama, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya meza. Madaftari arobaini na moja, mengine yameliwa na panya pembeni, mengine yameshikana kwa unyevu. Aliyatenganisha moja baada ya jingine kwa ncha ya mkasi wake, taratibu, kama mtu anayefumua mshono. Hakushona nguo hata moja siku hiyo, wala ubao haukuandikwa. Watu walipopita na kuuona mtupu walidhani fundi ni mgonjwa. Saa tisa alasiri alilipata daftari la saba.

Ijumaa ofisi ilijaa hadi nje. Mzee Mihambo alisimama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile ya kusomea vipimo vya suruali:

"*Alhamisi, 14 Septemba 2000. Harusi ya Mwanahamisi binti Pazi. Kichochoro cha kwenda zahanati kimezibwa kwa turubai tangu alfajiri, watu wanazunguka barabarani, wanalalamika. Wapimaji wawili wamefika saa saba mchana. Wameuliza hapa ni wapi. Bi Shemsa amewajibu: hapa ni jikoni, karibuni. Wamekula sahani mbilimbili, wameandika, wameondoka. Bomba la pili halitoi maji.*"

Ofisi nzima ikageuka kumtazama Bi Shemsa. Yeye akawa anatengeneza ushungi wake, ambao haukuwa umeharibika.

"Hilo mbona hukutusimulia, mtani?" aliuliza Mzee Mihambo.

"Nilikuwa nimeshika upawa mkononi. Ulitaka niwaambie hapa ni benki?"

Watu wakacheka, na Bwana Lukindo akacheka pamoja nao, lakini Mtendaji hakucheka. Alikuwa ameweka rula kwenye ramani.

"Bwana Lukindo," alisema, "nyumba ya marehemu Pazi ina urefu gani?"

"Mita kumi na nne."

"Na jiko hili lina urefu wa mita thelathini na moja."

Bwana Lukindo akaivuta ramani karibu. Akaufuata mstari wa jiko kwa kidole hadi mwisho, kisha akaikunja na kuirudisha kwenye bomba lake. "Nimenunua nyumba yenye jiko refu kuliko nyumba yenyewe, na sikuliona. Basi. Ukuta nitausogeza ndani. Na nguzo ya kibao cha njia nitaitoa mimi."

Hapo ndipo furaha ilipoanza, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Maana Mtendaji alifungua faili jingine, akatoa fomu. Ilikuwa fomu ya anwani za makazi.

"Kichochoro kilikaribia kuzibwa kirahisi kwa sababu hakikuwa na jina," alisema. "Kisichokuwa na jina hakiingii kwenye ramani mpya, na anayekuja kesho anaweza kukifunga tena. Nahitaji jina kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi. Ni moja tu. Lisizidi herufi kumi na mbili."

Mtu mmoja akapendekeza Njia ya Jikoni. Akazomewa, neno hilo ndilo lililowaponza. Wakazi wakakubaliana kwa kunyoosha mikono, bila hata mmoja kupinga, kwamba njia ipewe jina la mtu aliyeiokoa. Wakapiga makofi. Kisha makofi yakapungua, kwa sababu kila mmoja alikuwa ametazama upande wake.

"Ni Bi Shemsa," walisema wanawake wa shughuli. "Bila yeye, nani angejua siku ile palikuwa na nini? Mihambo angepekua madaftari arobaini na moja akitafuta nini?" Wakaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba Bi Shemsa hakujaliwa mtoto, na jina lake halina pa kubaki isipokuwa hapo. Wengine wakajibu kwamba Bi Shemsa ndiye aliyewaambia wapimaji kuwa ni jikoni. Anayemwaga maji na kisha kuyadeki, apewe zawadi ya usafi?

"Ni Mzee Mihambo," walisema wateja wake. "Kumbukumbu ya Bi Shemsa ilifika mlangoni pa ofisi ikazuiwa. Daftari ndilo lililoingia." Nao walijua kwamba kibanda cha Mihambo kingebomolewa mwisho wa mwezi kupisha ghorofa jingine, na yeye angehamia kwa binti yake Chanika, na ubao ungeondoka naye. Lakini wengine wakasema: ushahidi alikuwa nao chini ya meza miaka yote. Jumatatu aliandika kwa chaki kwamba kichochoro kinafungwa, akakaa, akaendelea kushona. Kama mtani wake asingeingia kibandani, sanduku lingefunguliwa na nani?

"Ni Atuganile," walisema vijana na mafundi wa ujenzi. "Wenzake walikumbuka Jumatano na kupekua Alhamisi. Ukuta ulikuwa uanze Jumatatu. Zile siku alizitoa nani?" Atuganile aliposikia alisema kwamba ndugu zake wakimpigia simu kutoka Tukuyu na kumuuliza yuko wapi, huwajibu, "Niko kwa watu." Vijana wakasema: njia ikiitwa kwa jina lake, atawajibu yuko kwake. Lakini wengine wakakumbusha kwamba wiki ile, kwa ajili ya mafundi na watazamaji, aliuza vitumbua mara mbili ya kawaida. Alikilinda kichochoro au alilinda kijiwe chake?

"Mwandikeni Lukindo basi, tulale," alisema Bwana Lukindo. Alizomewa kwa upendo.

Mtendaji, aliyekuwa na haraka ya kufunga ofisi, akapata wazo. Aliwaita wale watatu mbele, akampa kila mmoja kipande cha karatasi. "Wenyewe mnajua nani alifanya nini. Andikeni jina moja. Litakaloandikwa na wawili, ndilo."

Wakaandika, kila mmoja amefunika kwa kiganja kama mwanafunzi kwenye mtihani. Mtendaji akafungua karatasi ya Bi Shemsa. Ilisomeka: *Atuganile.* Akafungua ya Atuganile: *Mzee Mihambo.* Akafungua ya Mihambo, yenye mwandiko mzuri kuliko zote, tarehe juu na mstari chini: *Mtani wangu, Shemsa.*

Mtendaji akaweka kalamu mezani, akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Jumapili nguzo ikasimikwa mahali Atuganile alipoketi, naye akasogea hatua mbili, si zaidi. Kibao cha bluu kimeandikwa NJIA YA, na baada ya hapo hakuna kitu. Jioni wale watatu walikaa chini yake, sahani moja ya vitumbua katikati, wakibishana kama kanga ya harusi ya Mwanahamisi ilikuwa na korosho tisa au kumi na moja.

Sasa ni Jumatatu. Saa nne kasoro dakika tano. Fomu iko mezani, na saa nne ikipita bila jina, njia haitaingia kwenye ramani. Mmoja alikumbuka, lakini ndiye aliyekosea. Mmoja aliandika, lakini alisubiri aulizwe. Mmoja alikaa, lakini kukaa kulimfaa. Ukimwondoa yeyote kati yao, leo pale pana ukuta.

Mtendaji ameinua kalamu na kukuelekezea wewe. Herufi kumi na mbili, jina moja. Haya, unaandika la nani?