Kaliroi na Zimwi Lililodai Mzabibu

Mlioketi hapa kuamua, tegeni masikio. Mashahidi wote walikubaliana kwamba katika kisiwa kimoja cha Uyunani, zimwi liliwajia watengeneza mvinyo wa ukoo mmoja, kizazi baada ya kizazi, likidai mzabibu wao wa kwanza. Babu alilituliza kwa zabibu. Baba alilituliza kwa pipa la mvinyo. Kaliroi, binti aliyerithi shamba, alikataliwa vyote viwili.

"Mjukuu wangu," zimwi lilimwambia, "leo nautaka mzabibu wenyewe, ama nikumeze."

"Ukiupata, hutarudi?"

"Naapa."

Kaliroi alilikata shina usawa wa ardhi, kama wazee wake walivyofanya kila shina lilipochakaa. Zimwi likalibeba huku likicheka.

Baridi ilipopita, mzizi ulichipua. Zimwi likarudi likinguruma.

"Umenilaghai! Mzabibu ni uleule!"

"Uleule uliubeba mwenyewe, mzee. Huu haujazaa hata zabibu moja."

Zimwi lilifumbua kinywa juu ya kichwa cha Kaliroi, likakumbuka kiapo chake, likasita. "Basi tuamuliwe. Nikishinda, nakumeza."

Nanyi mliosikia, msimhurumie binti wala msilichukie zimwi. Pimeni tu: mzabibu ni shina, au ni mzizi?